Dada Mbaya wa Ile Filamu

Kila mtu anaijua ile hadithi, kwa hiyo sitaizungusha. Msichana amefiwa na mama. Baba ameoa mwanamke mwingine, naye ameingia nyumbani na mabinti zake wawili, wapana wa mdomo na wafinyu wa akili. Yatima anageuzwa mtumishi, analala karibu na majivu, mpaka siku kiatu kinapokataa miguu yote ya nchi isipokuwa wake. Anaondoka na mwana wa mfalme, na wale mabinti wanabaki wamenuna. Hakuna anayeuliza nani aliosha vyombo siku iliyofuata.

Mimi nauliza, kwa sababu natoka upande wa wale mabinti. Baba yangu alifariki Uvira nikiwa mdogo. Mama akanivusha mpaka, akaanza kuuza vitenge Bujumbura, akaolewa na mgane mmoja, fundi wa friji, aliyekuwa na nyumba Gasenyi. Mgane huyo alikuwa na binti niliyemzidi umri kidogo tu. Ukitaka kutupanga kwenye ile hadithi, kila mmoja ana nafasi yake tayari: yeye ndiye yatima, mama yangu ndiye mama wa kambo, mimi ndiye dada mwenye sura mbaya. Dada wa pili hakupatikana, basi na kazi yake nikapewa mimi.

Filamu yenyewe ililetwa na mama mdogo wa yule binti, yaani mdogo wa marehemu mama yake. Alikuwa akikaa Kinindo, kwenye nyumba yenye geti na maua. Alikuja siku ya Bonane, ndivyo tunavyouita mwaka mpya huku kwetu, na biskuti, na gauni la kitambaa kinachong'aa, na diski ndani ya jalada lililopasuka pembe. Ilikuwa filamu ya zamani, ya watu wa kweli wala si katuni. Alisema inajulikana dunia nzima, na kwamba yeye na dada yake waliitazama utotoni hadi wakajua kila neno. Akamkabidhi mtoto kwa mikono miwili, halafu akamtazama mama yangu.

"Ni ya kumufundisha uvumilivu," akasema.

Sijawahi kuona zawadi ikitolewa vibaya namna ile. Mama akamshukuru, akamwongezea soda.

Jioni sebule yetu ilijaa watu wa parsele nzima, yaani nyumba zote za kiwanja chetu, kwa sababu sisi ndio tuliokuwa na televisheni kubwa, mali ya mteja aliyeiweka rehani kwa deni la friji akashindwa kuja kuichukua. Sauti zilikuwa za Kifaransa, na Kifaransa pale kilikuwa cha wachache, lakini hakikuhitajika. Mwanamke akishuka kwenye gari la farasi amebana midomo, mabinti wawili nyuma yake, hata mtoto wa mgongoni anaelewa kinachokuja. Jirani yetu muuza maandazi, mwanamke wa kicheko kikubwa, akapiga paja.

"Heee! Mama, angalia! Si wewe huyo? Hata kutembea munatembea sawasawa!"

Watu wakaangua kicheko. Mama akacheka kuliko wote, mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Nilikuwa nimekaa sakafuni nimeegemea magoti yake, nikahisi yanatetemeka. Nilidhani ni kicheko.

Kesho yake yule binti aliamka kabla yetu sote. Filamu ilikuwa imemwingia. Akafunga kitambaa kichwani, akachota majivu kwenye mbabula, jiko letu la makaa, akajipaka mashavu yote mawili, akaanza kufagia ua huku akiwaimbia kuku. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa akicheza, na alikuwa na furaha yake tele. Lakini muuza maandazi alichungulia juu ya ukuta, na alichokiona yeye ni yatima mwenye majivu usoni na fagio mkononi.

"Eee! Jana tu mumeangalia, na leo munaanza?"

Mama alitoka ndani mbio na kitenge kimoja kifuani. Akamnyang'anya mtoto lile fagio, akamfuta uso kwa kiganja, akageuka huku na huku kama mtu aliyeshika kaa la moto, akanikuta mlangoni napiga miayo.

"Shika," akaniambia.

Nikashika. Fagio lile halikwenda tena kwa mtu mwingine.

Tangu siku hiyo mama aliiendesha nyumba kwa kuitazama ile filamu kichwani mwake na kufanya kinyume chake. Yatima analala majivuni? Basi yatima wetu alipewa kitanda cha dirishani na chandarua kipya, na mimi godoro la chini, karibu na mlango, ambako panya walinijua kwa jina. Yatima anavaa matambara? Basi gauni jipya lilikuwa lake, na likimbana ndipo lilipokuwa langu, ingawa mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo nilitembea miaka mingi nimebanwa makwapa. Mukeke, samaki wa ziwa letu, akipikwa mmoja, mgongo ulikwenda kwake na mkia kwangu. Bomba likikauka, kidumu kilikuwa changu. Sombe, majani ya muhogo, nilitwanga mimi, na ukitaka kujua kama mtu ametwanga sombe utotoni, mshike mkono, usimuulize.

Majirani waliridhika. Muuza maandazi mwenyewe ndiye aliyeanza kumtangaza mama kanisani na sokoni.

"Watu wanasema mama wa kambo si mama. Kwa huyu, apana! Huyu ana moyo. Ule mutoto anakaa kama malkia."

Mama alizimeza sifa zile kama dawa, na kama dawa yoyote, ilibidi aendelee kuzipata kila siku. Wahenga walisema ng'ombe haelemewi na nunduye. Kwetu nundu ndiyo iliyombeba ng'ombe.

Niliwahi kumuuliza. Tulikuwa tunachambua ndagala uani, wale samaki wadogo wa ziwani, mimi na yeye tu. Nilikuwa na umri wa kuanza kuona haya kwa viganja vyangu shuleni. Nikamwambia, mama, kwa nini kila kazi ni mimi?

Aliendelea kuchambua. Kisha akasema:

"Sikia. Yeye nikimutuma, watasema. Nikimukemea, watasema. Akikonda kidogo tu, watasema. We ni wangu. Juu yako hakuna mutu atasema. We utanielewa."

Akaangalia ukutani, hakumwona mtu, akaniwekea mkono shingoni, mkono unaonuka samaki. Akarudia kwa sauti ya chini:

"We ni wangu."

Mtoto ni mjinga. Nililipokea neno lile kama mali. Nikaamini kwamba ananiwekea, kwamba kila alichoninyima mbele ya watu kitarudi siku moja mbele ya watu haohao. Atasimama na kusema kwa sauti kubwa huyu ni wangu, mimi ndiye niliyemzaa, na kila mmoja atanitazama upya. Sikutaka kingine. Sikutaka kitanda cha dirishani. Nilifagia nikiingoja siku hiyo, nikatwanga nikiingoja, na kwa sababu nilikuwa nikingoja sikununa, jambo ambalo leo linanikasirisha kuliko mengine yote.

Biashara ya vitenge ilipokua, mama akawa anavuka kwenda Uvira na kurudi, na ikabidi mmoja wetu abaki nyumbani. Unadhani ni nani? Nikaacha shule. Mdogo wangu, yule yatima wetu, akasonga mbele mpaka chuo kikuu, akapanga chumba na wenzake Mutanga Sud. Kijana mmoja wa kwaya alianza kuniulizia. Mama akamwambia angoje kwanza mdogo wangu amalize masomo, la sivyo nyumba itabaki na nani. Kijana hakungoja, na simlaumu.

Mdogo wangu alikuwa akija Jumapili, akiniletea mafuta ya kupaka mikono. Hapo ndipo ninaposhindwa hata kumchukia vizuri: ana roho nzuri. Mara nyingi alinyanyua beseni akitaka tuoshe vyombo pamoja, na kila mara mama alitokea asikojulikana, "Wacha, wacha, utachafua nguo." Akakua hajui kumenya muhogo, na anaamini kwa moyo safi kwamba mimi napenda jikoni. Baba yake naye hakuwa mtu mbaya. Alikuwa fundi wa friji, na chochote kilichokuwa na joto hakikumhusu.

Mdogo wangu akapata mchumba, kijana wa familia ya Kinindo, watu wa magari na wa sauti za chini. Siku wazazi wake walipokuja kwetu kujitambulisha, mama alimwita mdogo wangu sebuleni akasema, "Huyu ndiye binti yetu." Mimi nilipita na sinia la chai. Nikamwekea mama wa kijana kikombe, nikamwekea sukari, akanishukuru bila kuinua macho. Nilisimama kidogo pale mlangoni, labda mama angeongeza neno. Akaniambia maziwa yamepungua.

Siku ya kutoa mahari ilifanyika katika ukumbi wa kukodi Mutanga Sud. Siku hizi sherehe hizi hapa mjini zina utani mmoja, sijui tuliuokota wapi. Kabla bibi harusi hajatolewa, msemaji wa upande wetu hutoa wasichana wengine waliofunikwa vitambaa, mmoja mmoja. Upande wa bwana harusi huwafunua, hupiga kelele, "Siye huyu!", watu hucheka. Hapo msemaji huuliza, msichana huyu ni wa nani? Mama yake husimama, husema ni wangu, humshika mkono na kumrudisha. Ndiyo sheria ya mchezo. Hakuna msichana anayeondoka pale mbele bila kudaiwa na mwenyewe.

Mimi sikuwamo. Nilikuwa jikoni nyuma ya ukumbi tangu alfajiri, na ndizi, na wali, na nyama. Kupitia dirishani nilisikia kila kitu. Nilisikia mama mdogo wa Kinindo akitaka kukaa kwenye kiti cha mama, kwa kuwa ni damu ya marehemu, na nilisikia akijibiwa kwamba mdogo wangu amekataa: kiti ni cha aliyenilea. Nilisikia msemaji, mzee mwenye ulimi wa asali, akiusimamisha ukumbi kwa ajili ya mama yangu, kwa Kirundi kwanza, kisha kwa Kiswahili kwa sababu upande wetu ulijaa watu wa Uvira.

"Tunasikia katika hadithi mama wa kambo anavyotesa. Huyu mama apana! Nyumba ya huyu mama, ungeingia, hungejua mutoto gani ni wa nani!"

Wakapiga vigelegele. Muuza maandazi alipiga cha peke yake kikapita vyote. Mama alikuwa amefika. Alipigania kiti kile tangu ile siku ya Bonane, sasa amekikalia, na nakiri nilifurahi, kwa sababu nilidhani amemaliza na sasa ni zamu yangu.

Muda mfupi baadaye akaja jikoni mwenyewe, anahema.

"Njoo haraka. Musichana mumoja hajafika, na mzee anataka wawili. Vua hiyo."

Alinivalisha kwa mikono yake. Imvutano ile, vazi la kike la sherehe, ilikuwa ya mtu mwingine, ndefu kidogo. Mama alipiga magoti kwenye sakafu yenye maganda ya ndizi akaipunguza chini kwa pini, akasimama, akanifunga fundo begani, akalivuta mara mbili lisilegee. Tangu utotoni hakuwa amenivalisha. Nilinuka vitunguu na sikujali. Nilikuwa nikiifikiria sheria ya mchezo. Huyu ni wa nani? Asimame mwenyewe. Mbele ya ukumbi mzima, na muuza maandazi, na watu wa Kinindo.

Wa kwanza kutolewa alikuwa binti wa mama mdogo wa Kinindo. Wakamfunua, siye huyu, kicheko. Mama yake akasimama na kilemba chake, akasema, "Ni wangu, na hamumupati hata mukileta ng'ombe wote wa Rutana!" Akamkumbatia, wakarudi kitini wakicheka wote wawili.

Kisha mimi. Chini ya kitambaa nilikuwa naona miguu tu. Msemaji akanishika kiwiko.

"Na huyu? Amekomaa huyu! Harufu yake tu inawaambia anajua kupika!"

Wakacheka. Kitambaa kikavutwa. Mwanga ukanipiga, nikaona kwanza bwana harusi anatikisa kichwa kwa adabu, halafu mama yake, ambaye alinitazama, akainamisha kichwa pembeni, akatabasamu kama mtu aliyekumbuka.

"Lakini huyu si mufanyakazi wenu?" akasema. "Ndiye alitupa chai siku ile."

Hakusema kwa dharau. Alikuwa amefurahi kunitambua. Ukumbi ukapoa kidogo, wale wanaotujua wakatazama viatu vyao, na fundi wa friji akatazama vyake. Msemaji hakutujua vizuri, alikuwa wa kukodi kama viti. Akaendelea na mchezo wake.

"Kila mutoto ana mwenyewe! Huyu ni wa nani? Asimame amuchukue!"

Nilimtazama mama. Alikuwa kwenye kile kiti, ametulia, mikono juu ya mapaja. Niliona anavyofikiri, kwa sababu ninamjua kuliko anavyojijua. Akisema ni wangu, wale watu watatazama viganja vyangu, watatazama kucha za mdogo wangu, watauliza ni mama gani anayemgeuza mwanawe mtumishi. Sifa zote alizopigiwa vigelegele zitamwagika palepale. Ili asiwe mama wa kambo mbaya, alikuwa amekuwa mama mbaya, na hakukuwa na njia ya kusema moja bila kufichua lingine.

Akacheka kidogo. Akapunga mkono.

"Huyo anatusaidia nyumbani," akasema. "Mumurudishe jikoni, nyama itaungua!"

Walicheka kuliko walivyocheka kwa wa kwanza. Ulikuwa utani mzuri, sina budi kusema hivyo, ulikuja kwa wakati wake. Msemaji mwenyewe alijifuta machozi. Hakuna aliyenishika mkono, kwa hiyo nilijirudisha, na kitambaa begani, na pini zikinichoma vifundo vya miguu. Nyuma yangu ngoma zikaanza, bibi harusi anatolewa.

Jikoni sikulia. Nilivua vazi la watu nikalikunja. Nyama kweli ilikuwa imeanza kushika chini, nikaongeza maji, nikapunguza moto, nikapakua. Wanawake wawili waliokuwa wakinisaidia walisikia yote na walinyamaza vizuri, nawashukuru hadi leo.

Watu walipokwisha kula, mama wa bwana harusi akaja jikoni mwenyewe, kitu ambacho wakubwa wa Kinindo hawakifanyi. Alinyanyua vazi lake lisiguse maji, akanikuta kwenye masufuria.

"Mutoto wangu, merci, chakula kilikuwa kizuri sana," akasema. "Nilitaka kukuomba kitu. Mama wa hapa ameniambia bibi harusi wetu hajui jikoni, yeye ni wa vitabu tu. Wakishakaa kwao, utakuja kuwasaidia? Tutakuweka vizuri. Lakini siwezi kukuchukua hivi hivi, nitaongea na wazazi wako kwanza. Wako wapi?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake. Alikuwa ameniletea sahani iliyofunikwa, mgongo wa mukeke ukichungulia pembeni, labda alikuwa ameuficha tangu mwanzo wa chakula. Macho yetu yakakutana juu ya bega la yule mgeni. Nilimwachia nafasi ya kutosha mtu kusema neno moja, hata kwa sauti ya chini, hata kwa kunong'ona.

Hakusema.

"Baba alifariki Uvira," nikamjibu mgeni.

"Pole. Na mama?"

"Mama naye alikufa."

"Oh, mutoto wangu." Akanishika mkono wangu uliojaa povu, kwa mikono yake miwili yenye pete, na alimaanisha. Kisha akageuka akamwona mama yangu mlangoni na ile sahani, na macho yakamlowa.

"Kumbe na huyu ni yatima, na umemulea wewe," akamwambia. "Mungu akubariki, mama."

"Amina," akasema mama.